Nyanya na faida zake kwa afya

Harrow, kaskazini magharibi mwa London, ni makazi ya watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, wakiwemo Waasia waliotoka Kenya na Uganda katika miaka ya 1960 na 1970. Kama ilivyo kwao, mapishi mengi huanza kwa vitunguu na nyanya, ambayo Zanzibar huitwa tungule.

Takriban asilimia 95 ya nyanya ni maji. Gramu 100 za nyanya mbichi zina kalori 18 tu, vitamini C kiasi cha miligramu 14, na potasiamu, madini yanayosaidia kudhibiti shinikizo la damu.

Wekundu wake hutokana na laikopini. Vitamini C hupungua kwa moto, lakini laikopini hufyonzwa mwilini kwa urahisi zaidi nyanya ikipikwa kwa mafuta kidogo. Kwa hiyo kachumbari na mchuzi hukamilishana. Nyanya za kopo nazo zafaa, mradi hazikutiwa chumvi nyingi.

Uingereza huwashauri watu kula angalau mafungu matano ya matunda na mboga kila siku. Nyanya moja ya wastani ni fungu moja.

Hata hivyo, nyanya si dawa. Mwaka 2005, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilieleza kuwa ushahidi kwamba nyanya hupunguza hatari ya saratani ya tezi dume ni mdogo sana. Wagonjwa wa figo waliotakiwa kupunguza potasiamu wamwulize daktari kwanza.