Muziki unavyosaidia mkono uliopooza kwa kiharusi

MTU anapopatwa na kiharusi, mara nyingi mkono huchelewa kupona kuliko mguu. Wengi huanza kutembea, japo kwa kuchechemea, ilhali mkono ungali umening'inia ubavuni. Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya viungo wamekuwa wakitafuta mbinu za kuurejeshea nguvu, na mojawapo ya mbinu hizo ni kupiga ala za muziki.

Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika katika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka. Seli za sehemu hiyo hufa. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto, mkono wenyewe huwa haujaumia. Ila amri za kuusogeza hazifiki.

Hata hivyo, ubongo una uwezo wa kujipanga upya. Sehemu zilizosalia zinaweza kujifunza kazi ya zile zilizokufa, mradi mgonjwa arudie mwendo uleule mara nyingi. Hapo ndipo penye ugumu. Kufinya mpira au kuhamisha vikombe mara mia huchosha, na mgonjwa anayeona mkono haumtii huanza kutumia ule mzima kwa kila jambo. Kadiri anavyoutelekeza ule dhaifu, ndivyo unavyozidi kusahau kazi.

Jinsi tiba inavyofanywa

Mwaka 2007, Sabine Schneider, Eckart Altenmüller na wenzao nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 40. Ishirini walipata tiba ya kawaida pekee. Wengine 20 waliongezewa vipindi 15 vya muziki, kila kimoja cha dakika 30, kwa muda wa wiki tatu. Hawakuwa wanamuziki.

Kinanda cha elektroniki kilitumiwa kuzoeza vidole. Vibao vinane vya ngoma ya elektroniki, vilivyotoa sauti za kinanda, vilitumiwa kuzoeza bega na kiwiko. Mtaalamu alipiga kwanza, mgonjwa akafuatisha: mwanzo noti moja tu, kisha kadhaa, na hatimaye wimbo mwepesi kama ule wa watoto. Waliopata muziki walionyesha wepesi na usahihi zaidi wa mkono kuliko wenzao.

Sauti husaidia kwa njia tatu. Kwanza, sikio humjulisha mgonjwa papo hapo iwapo kidole kimegusa panapofaa. Pili, mdundo hutabirika, kwa hivyo misuli hupata nafasi ya kujiandaa kabla ya pigo linalofuata. Tatu, wimbo hufurahisha, na anayefurahia zoezi hulirudia bila kusukumwa.

Mdundo peke yake pia umejaribiwa. Nchini Marekani, Jill Whitall na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland walieleza mwaka 2000 kuhusu wagonjwa 14 waliokuwa wameishi na ulemavu huo kwa muda mrefu. Walisukuma na kuvuta vishikio kwa mikono yote miwili wakifuata mlio, dakika 20 kwa kila kipindi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Mikono yao ilipata nafuu.

Mipaka ya tiba hii

Ni vyema kutotia chumvi. Katika utafiti wa 2007, waliopata muziki walifanya mazoezi kwa saa nyingi zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2018, Jennifer Grau-Sánchez na wenzake wa Barcelona, Uhispania, walilinganisha wagonjwa 40, wengine wakiongezewa muziki na wengine mazoezi ya kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya mkono, bila tofauti kubwa. Lakini katika kundi la muziki, waliopenda muziki zaidi ndio waliopiga hatua zaidi.

Aidha, tathmini ya Cochrane ya mwaka 2017, iliyokusanya majaribio 29 yenye washiriki 775, ilisema muziki huenda ukasaidia mwendo wa kutembea na mkono kwenda kwa mpangilio wa wakati, lakini ikahimiza utafiti zaidi.

Kwa hivyo, muziki ni mwenzi wa tiba ya hospitali wala si mbadala wake. Familia isiyo na kinanda inaweza kumuuliza mtaalamu wa viungo iwapo ngoma ndogo au kayamba itamfaa mgonjwa wao. Mdundo uwe wa polepole, vipindi viwe vifupi, na zoezi likome bega likianza kuuma. Kamwe usimvute mgonjwa kwa mkono uliolegea.

Zaidi ya yote, uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja. Kila dakika inayopotea huua seli ambazo hakuna wimbo utakaozifufua.