Habari za Steven Kanumba, Mchezaji wa Sinema, na Lugha ya Michezo Yake

Steven Charles Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari, 1984, akafa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili, 2012. Katika umri wa miaka 28, ambao wengi ndipo kwanza huanza kushika kazi, yeye alikuwa amekwisha kuwa miongoni mwa wachezaji wa sinema wajulikanao sana katika Tanzania, na michezo yake ilitazamwa hata Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Waliozichungua kwa makini sinema za Kitanzania za wakati wake ni pamoja na wataalamu wawili wa Ujerumani, Matthias Krings na Claudia Böhme, nao wameandika kwa Kiingereza. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili habari zake zina faida ya namna nyingine, kwa kuwa maisha ya kijana huyu yaonyesha wazi jinsi lugha hii ilivyoingia katika chombo kipya, na gharama iliyolipwa.

Televisheni ilianza Unguja mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa nayo mpaka mwaka 1994, ilipofunguliwa ITV. Kituo kipya kilihitaji michezo, na vikundi vya maigizo vya Dar es Salaam vikapata jukwaa ambalo havikuwa nalo kabla. Kimojawapo kilikuwa Kaole, na humo Kanumba aliingia akiwa kijana aliyetoka bara kuja mjini kusoma. Humo pia alikuwamo Vincent Kigosi, aitwaye Ray, ambaye baadaye alikuwa mwenzake na mshindani wake katika sinema.

Majina ya michezo ya Kaole yastahili kuangaliwa: Jahazi, Dira, Tufani, Gharika, Baragumu. Kila moja ni neno moja la Kiswahili, na manne ya kwanza ni maneno ya maji, yaliyotoka Arabuni na Uajemi, yakakaa pwani karne nyingi. Jahazi, dira na tufani ni maneno ya nahodha. Gharika ni mwisho wa asiyesikia. Hivyo kijana wa Usukuma, nchi ya ng'ombe na pamba, alijulikana kwanza kwa watu chini ya majina ya baharini. Wala hapana aliyeona ajabu, maana mithali hizo zimekwisha kuwa mali ya kila asemaye Kiswahili, awe amekulia pwani au bara. Michezo yenyewe haikuandikwa neno kwa neno. Desturi ya vikundi vya namna hii ilikuwa kupanga kisa, kisha kila mchezaji hutafuta maneno yake mwenyewe mbele ya kamera. Basi usemi uliosikika ulikuwa karibu sana na usemi wa nyumbani na wa mtaani.

Sinema za kuuzwa katika kanda za video zilishika nguvu baada ya Girlfriend, iliyotengenezwa na George Tyson mwaka 2003. Kabla ya hapo, na hata baadaye, watu wa vibanda vya video walikuwa wakitazama picha za ng'ambo huku wakifasiriwa na mkalimani. Aliyevuma kuliko wote Dar es Salaam alijulikana kwa jina la Lufufu. Mkalimani alitia maneno ya Kiswahili juu ya picha ya wageni. Sinema mpya zilikuwa na picha ya kwao na maneno ya kwao pia, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa kwake. Kanumba alionekana katika Johari, kisha mwaka 2006 katika Dar 2 Lagos, aliyocheza na Mercy Johnson wa Nigeria. Mwaka 2008 ikatoka Oprah. Zilifuata nyingine nyingi, miongoni mwake The Lost Twins, Uncle JJ, Young Billionaire na Moses, na mwaka 2011 Devil Kingdom, aliyocheza na Ramsey Nouah, pia wa Nigeria.

Hapa msomaji ataona badiliko kubwa. Katika televisheni majina yalikuwa ya Kiswahili. Katika sinema yakawa ya Kiingereza, ingawa mazungumzo ya nyingi katika hizo yalibaki Kiswahili. Kiingereza kilikaa juu ya jalada na katika maandishi ya tafsiri chini ya picha, nayo mara nyingi yalikuwa na makosa. Kiswahili kilikaa ndani. Si haki kusema kwamba jambo hili ni kasumba tu. Mfano ulioigwa ulikuwa sinema za Nigeria, na jina la Kiingereza lilikuwa kama chapa ya bidhaa, la kumwambia mnunuzi kwamba mali hii ni ya daraja lile lile. Hata tarakimu 2 iliyoandikwa mahali pa neno katika Dar 2 Lagos ni chapa ya namna hiyo. Lakini mnunuzi akifika nyumbani alitaka kusikia watu wakigombana, wakiposana na wakisutana kwa Kiswahili. Hivyo mfanya biashara aliamini kwamba Kiingereza huuza, na mtazamaji alijua kwamba Kiswahili ndicho kimliwazacho. Kwa miaka kadhaa wote wawili waliridhika.

Gharama ya mapatano hayo ilidhihirika mwaka 2009, Kanumba alipoalikwa kuwa mgeni katika mchezo wa televisheni wa Big Brother huko Afrika Kusini. Humo ilimbidi aseme Kiingereza mbele ya watazamaji wa nchi nyingi, na watu wengi wa nyumbani wakamcheka kwa jinsi alivyokisema. Yafaa kulipima jambo hili kwa utulivu. Waliomcheka, walio wengi, walisoma kama alivyosoma yeye: shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza ambacho walimu na wanafunzi hukipata kwa taabu. Kosa lake lilikuwa kosa la watu wote, ila yeye lilimpata hadharani. Tena hapana aliyeuliza kwa nini mtu aliyekimudu Kiswahili kiasi cha kuwaliza na kuwachekesha watu wa nchi sita apimwe kwa lugha nyingine. Naye hakurudi nyuma. Katika Devil Kingdom alisimama tena na mchezaji wa Nigeria, na kukabili tena lugha ile ile iliyomletea kicheko.

Kuna jambo jingine la kuhesabu. Kanumba aliunda kampuni yake, akaipa jina la sifa, Kanumba The Great. Hata hivyo katika biashara ya sinema za wakati ule desturi ilikuwa mtengenezaji kumwuzia msambazaji picha yake kwa mkupuo, na faida ya baadaye kuwa ya msambazaji. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1999, lakini kanda zilinakiliwa ovyo; stempu za kodi juu ya kazi za filamu na muziki zilikuja mwaka 2013, yeye akiwa amekwisha kufa.

Alifia nyumbani kwake Sinza. Shauri lililotokana na kifo chake lilikwisha Mahakama Kuu Novemba 2017, wala si kazi ya makala haya kulifunua tena. Mazishi yake yalifanywa tarehe 10 Aprili, 2012. Watu maelfu walijaa Leaders Club, Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal akiwamo, kisha akazikwa katika makaburi ya Kinondoni. Kwa mchezaji wa maigizo, heshima ya namna hiyo haikuwa imezoeleka.

Sasa imebaki kazi ya wenye elimu ya lugha. Mashairi ya malenga wa zamani yaliokoka kwa sababu kulikuwa na watu walioyanakili kwa mkono, hata yalipokuwa yakidharauliwa kuwa ni nyimbo za ngoma tu. Michezo ya Kanumba na ya wenzake haina hati ya maneno, kwa kuwa haikuandikwa. Na santuri za VCD zilizoibeba huchunika na kuharibika. Ndani yake mna matusi ya upole, salamu, lafudhi za bara, na namna tajiri achanganyavyo Kiingereza mbele ya mtumishi asemaye Kiswahili kitupu. Yafaa zikusanywe, zihamishwe katika hifadhi ya kudumu, na maneno yake yaandikwe, kuanzia michezo ya Kaole, maana hiyo ndiyo ya zamani zaidi, na mingi katika hiyo haikuuzwa madukani.