Jina la Mtu wa Pwani katika Herufi za Japani

Mtanzania Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia jijini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa kifua tu, magazeti ya Japani yaliliandika jina lake kwa alama tatu: シンブ. Zinasomeka "Shimbu", kwa sababu katakana, hati wanayoandikia majina mengi ya wageni, haina "si" katika mpangilio wake wa kawaida. Juma Ikangaa, bingwa wa marathoni ya Tokyo mwaka 1984 na 1986, alibahatika zaidi. Jina lake liliingia lote, na irabu yake ya mwisho ikapewa kistari cha kuivuta.

Sisi wa Pande, huku kusini mwa Kilwa, tunalijua jambo hili tangu chuo cha Kurani, tulikojifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu hakina "p". Mwalimu alitufundisha kuiongezea "be" nukta mbili ziwe tatu, la sivyo kijiji chetu kinasomeka Bande. Katakana inaichukua Pande bila taabu, パンデ, lakini Kilwa inaigeuza "Kiruwa".

Katakana ilianzia kwa watawa wa Kibudha katika karne ya 9, waliochukua vipande vya herufi za Kichina ili kuonyesha matamshi vitabuni mwao. Kuitumia kuandika majina ya wageni kulikuja baadaye. Ndiyo maana Mwafrika mashuhuri kuliko wote katika historia ya Japani aliandikwa kwa herufi za Kichina: 弥助, Yasuke.

Alifika mwaka 1579 pamoja na padri Mjesuiti wa Italia, Alessandro Valignano. Mjesuiti mwingine, Mfaransa François Solier, aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji. Mwaka 1581 watu wa Kyoto walisongamana kumtazama hadi wakavunja mlango wa nyumba ya mapadri. Mtawala Oda Nobunaga akaamuru avuliwe nguo hadi kiunoni na asuguliwe, akidhani amepakwa wino. Rangi haikutoka. Nobunaga akampenda, akampa nyumba, posho na upanga mfupi.

Mapadri waliosafiri naye, wakala naye, hawakuliandika jina lake katika barua zao. Walimwita "kafri", neno ambalo Wareno walilitoa kwa Waarabu. Aliyeliandika ni Mjapani, Matsudaira Ietada, katika shajara yake ya mwaka 1582: anaitwa Yasuke, urefu wake shaku 6 na bu 2, yaani kama sentimita 182.

Hapo ndipo penye ubishi. Yasuke lilikuwa jina la kawaida la wanaume wa Kijapani. Je, alipewa jina jipya, au walilisikia la kwake wakalivika herufi zao? Wapo wanaosema alikuwa Isaque. Wengine wanasema Issufo, kama Yusufu anavyoitwa Msumbiji. Mimi niko na hao wa Issufo. Pwani ile ilikuwa na Waislamu karne nyingi, na Sofala ilikuwa chini ya Kilwa yetu. Wareno walipokwenda kujenga ngome huko mwaka 1505, sheikh waliyemkuta aliitwa Yusuf. Lilikuwa jina la watu wa pwani.

Ubishi uliwaka upya Mei 2024, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilipomtangaza Yasuke katika mchezo wake Assassin's Creed Shadows. Wajapani na Wazungu wakagombana kama alikuwa samurai kweli. La jina likawekwa kando, na sisi tuliobaki na akina Yusufu kila nyumba sijasikia tukiulizwa, wala tukijitokeza kusema. Inaniuma. Masultani wa Kilwa waligonga majina yao wenyewe kwenye sarafu za shaba, na Ali bin al-Hasan anasomeka mpaka leo. Yasuke alipimwa urefu hadi bu ya mwisho, asiulizwe baba yake nani.

Juni 1582 Nobunaga alisalitiwa katika hekalu la Honnoji, akafa. Yasuke alipigana hadi akazidiwa, akasalimisha upanga wake. Akechi Mitsuhide, aliyeshinda siku ile, akaagiza apelekwe kwa mapadri. Baada ya hapo hakuna aliyemwandika tena, si kwa jina hilo wala kwa jingine.