Shukrani Tuliyoandikiwa: Siku Moja ya Baridi mjini Ostend



Nabii Habakuki anafundisha kwamba jiwe la ukutani hupiga kelele dhidi ya mtu ajengaye mji kwa damu. Fundisho hilo tulikuwa tumelisikia mara nyingi bila kulitafakari sana. Tulilielewa siku moja ya Januari, sisi wanachama wachache tulipokwenda kuutembelea mji wa Ostend, ulio kando ya Bahari ya Kaskazini, nchini Ubelgiji.

Katika majira ya joto pwani ile hujaa watu. Sisi tulifika katika majira ya baridi: mchanga mtupu, mawimbi yenye rangi ya majivu, upepo unaopenya hata koti zito. Mzee mmoja wa pale alitucheka kwa upole, akasema tumekosea majira. Lakini hatukujuta. Umati unapoondoka, majengo husikika vizuri zaidi.

Upepo ulipozidi, tulikimbilia baraza ndefu yenye nguzo nyingi, inayotazama bahari. Huitwa Baraza za Kifalme, na urefu wake unakaribia mita 400. Ilijengwa kati ya mwaka 1902 na 1906 kwa mapenzi ya mfalme Leopold II, na mchoraji wake alikuwa Mfaransa Charles Girault. Lengo lake lilikuwa jepesi: mfalme na wageni wake waweze kutembea toka nyumba yake ya pwani hadi kwenye uwanja wa mashindano ya farasi bila kulowa mvua wala kupigwa na upepo.

Tulisimama pale tukipasha mikono joto, na ndipo mmoja wetu akauliza: paa hili lililipwa na nani?

Swali hilo linaturudisha nyumbani. Toka mwaka 1885 hadi 1908 nchi yetu haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold II, ambaye hakuwahi kuikanyaga hata siku moja. Mwaka 1896 alijitengea eneo kubwa kuzunguka ziwa ambalo leo tunaliita Mai-Ndombe, akaliita Milki ya Taji. Mapato ya mpira na pembe za ndovu ya eneo hilo yalikwenda kugharimia majengo makubwa ya Ubelgiji, na Ostend, mji alioupenda, ulipata sehemu yake. Huko kwetu, wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kutafuta utomvu. Kiasi kilipopungua, wake zao walishikwa mateka na vijiji vilichomwa. Askari walidaiwa hesabu ya kila risasi, na uthibitisho wao ukawa mkono uliokatwa. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha Nsala, baba ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitendeka huku wajenzi wakisimamisha nguzo zile.

Tulitoka katika baraza kimya, tukafuata njia ya pwani hadi kwenye sanamu kubwa ya shaba. Ilizinduliwa mwaka 1931, miaka 22 baada ya kifo cha mfalme. Leopold amepanda farasi, juu kabisa, akiitazama bahari. Chini yake, upande mmoja wako wavuvi wa Ostend. Upande mwingine wako Wakongo, wamemwinulia macho na mikono. Maandishi yanaeleza kwamba Wakongo wanamshukuru kwa kuwaokoa katika utumwa wa Waarabu.

Tuseme kweli yote. Biashara ya watumwa iliiumiza sana Maniema na sehemu nyingine za mashariki, na hatuwezi kuikana. Lakini shukrani ile hatukuitoa sisi. Tuliandikiwa. Hakuna aliyewauliza watu wa Mai-Ndombe kama wanashukuru.

Mwaka 2004 watu wa Ostend kwenyewe waliukata mkono wa mmoja wa Wakongo wale wa shaba, ili sanamu iseme yale iliyokuwa ikiyaficha. Hatusifu uharibifu. Ila tulipokitazama kile kigutu, tulikumbuka baba Nsala.

Na Kanisa lilikuwa wapi? Swali hili pia tusilikwepe. Waliopaza sauti kwanza walikuwa hasa wamisionari Waprotestanti, na Wakatoliki wengi walinyamaza. Tume iliyoundwa na mfalme mwenyewe ilithibitisha maovu mwaka 1905. Mwaka 1906 Padri Arthur Vermeersch, Mjezuiti Mbelgiji, alichapisha kitabu akiukosoa utawala ule waziwazi. Sauti yake ilichelewa, lakini ilisikika.

Mwaka huohuo wa 1906, huko Mbandaka, kijana mmoja mfanyakazi alibatizwa. Jina lake Isidore Bakanja. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei kama sisi. Alivaa skapulari ya Mama Maria na kuwafundisha wenzake sala. Msimamizi wake Mzungu, katika kampuni ya mpira na pembe, alimwamuru aivue. Alikataa. Alipigwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, na baada ya miezi ya mateso akafariki Agosti 1909. Leopold II alifariki Desemba ya mwaka uleule. Mmoja ameachiwa sanamu ya shaba. Mwingine, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Angalieni alivyofanya Bakanja. Walipomuuliza, hakuficha: alieleza nani alimpiga na kwa nini. Kisha akamsamehe, akaahidi kumwombea mbinguni. Ukweli haukumzuia kusamehe, na msamaha haukumziba mdomo. Hiyo ndiyo njia yetu mbele ya historia. Anayesamehe asichokitaja hajasamehe, amesahau tu.

Jioni tuliingia katika kanisa la Watakatifu Petro na Paulo. Ndani yake kuna kumbukumbu ya malkia Louise-Marie, aliyefia mjini humo mwaka 1850. Alimwacha mwanae akiwa na miaka 15. Mtoto huyo alikuwa Leopold. Tulipiga magoti tukawaombea waliokufa kwa ajili ya mpira, tukiwataja Nsala na binti yake. Halafu tukamwombea mfalme. Mmoja wetu alisema midomo yake haiwezi bado kulitamka jina hilo katika sala. Hatukumlazimisha. Shukrani ya kulazimishwa tulikuwa tumeiona ufukweni. Msamaha wa kulazimishwa usingekuwa bora kuliko ule.

Tulipotoka giza lilikuwa limeingia, na bahari ilisikika bila kuonekana.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika parokia au kijiji chetu, ni mateso gani ya zamani ambayo wazee wanayajua na vijana hatujawahi kuwauliza?

2. Leo pia madini ya nchi yetu yanajenga miji ya mbali. Sisi tunanyamaza wapi?

3. Ni nani ambaye tunasema tumemsamehe, ila hatujathubutu kuutaja ukweli wa alichotutendea?

Mwenye Heri Isidore Bakanja, utuombee.