Mapezi, Taa za Nyuma na Tarikhi ya Sinema

Mtu aliyezoea kuziangalia motokaa za Kimarekani aweza kukisia zama za hadithi ya sinema kwa taa za nyuma za gari moja lililosimama kando ya njia, hata kabla mchezaji yeyote hajafumbua kinywa. Na maarifa haya, ambayo watu wazima aghalabu huyahesabu kuwa ni mchezo wa vijana, asili yake ni hila ya biashara.

Henry Ford aliuza Model T tangu 1908 hata 1927, zikapata milioni 15, na tajiri na mkulima wakapanda gari la namna moja. Alfred Sloan wa General Motors alifahamu kwamba mwenye gari zima hanunui jingine mpaka alionee haya lile alilo nalo. Kwa hiyo katika 1927 akamweka Harley Earl awe mkuu wa idara ya sanaa na rangi, kazi yake kuzibadili sura za magari mwaka baada ya mwaka, ijapokuwa mitambo iliyo chini ya bati ni ile ile. Mapezi ya mkia, ambayo Earl na wasaidizi wake waliyatoa katika ndege ya vita ya P-38, yalichomoza kidogo tu katika Cadillac ya 1948, yakazidi kukua hata ile ya 1959, iliyobeba taa mbili mbili zilizochongoka kama risasi. Mimi siusifu uzuri wake, ila ni gari lisilofichika.

Lakini ithibati ya ujuzi iko katika Chevrolet za 1955, 1956 na 1957. Ya 1955 ina wavu mdogo wa miraba mbele ya rejeta; ya 1956 wavu umetanda upana wote wa uso, na tundu la kutilia petroli limefichwa nyuma ya taa ya kushoto; ya 1957 ina mapezi, na tundu hilo limehamia ndani ya urembo wa pezi la kushoto, hata asiyelijua gari hilo aweza kulizunguka lote asilione. Ukiona taa nne mbele badala ya mbili, umekwisha fika 1958.

Katika Bullitt, filamu ya 1968, Steve McQueen aendesha Ford Mustang ya kijani akifukuzana na Dodge Charger nyeusi katika vilima vya San Francisco. Charger hiyo ina taa nne za mviringo nyuma, ilhali ya 1969 ina mbili ndefu. Na ubavuni mwa Mustang na Charger hizo za filamu mna vitaa au viakisi vidogo ambavyo sheria ya Marekani ilivilazimisha tangu 1 Januari 1968. Mwenye jicho kali huona pia kwamba Charger yapoteza vifuniko vya magurudumu kupita idadi ya magurudumu yenyewe, kwani mbio zile ziliungwa kwa vipande vilivyopigwa mara nyingi.

Watu wa sinema nao wana ghiliba zao. Plymouth Fury ya 1958 ilitoka kiwandani kwa rangi moja tu, ya mchanga, lakini katika Christine ya 1983 ni nyekundu, na baadhi ya zilizotumika hazikuwa Fury kabisa, bali Belvedere na Savoy, jamaa zake wa bei nafuu, zilizovikwa mapambo yake. Na katika Vanishing Point ya 1971, Dodge Challenger nyeupe inayokimbizwa filamu nzima haikuteketezwa mwishoni: gari linalojibamiza kwenye matingatinga na kulipuka ni Chevrolet Camaro ya 1967 iliyotiwa baruti.