Mwizi wa kuku, kijana wa mbuzi na sheria ya 1930 (UZI)

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu aseme jukwaani: "Kenya mwizi wa kuku anafungwa, mwizi wa mabilioni anapigiwa saluti." Makofi, stori imeisha. Lakini sheria inasemaje hasa kuhusu mtu aliyeshtakiwa wizi mdogo mara ya kwanza? Jibu liko kwenye historia. Twende.

2/ Kwanza, Kanuni ya Adhabu haina kosa linaloitwa "wizi mdogo". Kifungu cha 275: wizi ni wizi, kifungo hadi miaka 3. Sufuria, simu, kuku, zote zinaingia hapo. Udogo wa kitu haubadilishi jina la kosa. Unampa tu hakimu sababu ya kupunguza adhabu.

3/ Sheria hiyo hatukuiandika sisi. Mwanzoni Waingereza walitumia hapa sheria ya jinai ya India. Mwaka 1930 wakaleta kanuni mpya, ambayo mizizi yake ni kanuni ya Queensland, Australia, ya 1899. Baada ya Uhuru tumeirekebisha hapa na pale, lakini mifupa ni ileile.

4/ Unataka ushahidi? Soma kifungu cha 278, wizi wa mifugo: farasi, punda, nyumbu, ngamia, mbuni, ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe, pamoja na watoto wao. Ndiyo, mbuni! Kuna walowezi waliofuga mbuni kwa ajili ya manyoya. Kuku hayumo. Adhabu: hadi miaka 14.

5/ Kumbe yule mwizi wa kuku wa jukwaani ana nafuu. Kwetu Bangale watu wanaishi kwa mifugo. Kijana akishikwa na mbuzi mmoja wa jirani, anasimama chini ya kifungu cha miaka 14. Na sisemi mbuzi ni kitu kidogo. Kwa mfugaji, mbuzi ni karo na ni chakula.

6/ Kuna jamaa nilisoma naye primari. Mbuzi mmoja, kosa la kwanza. Akiwa ndani, mtu akamwambia, "We sema ni kweli, utaenda nyumbani." Akasema ni kweli. Na nyumbani alienda, akapewa huduma kwa jamii. Lakini rekodi ya hatia ilibaki, na alama za vidole. Ndoto yake ilikuwa kuingia polisi.

7/ Hakuna aliyemwambia haya: Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa haki ya kunyamaza, kufikishwa kortini ndani ya saa 24 (au siku ya korti inayofuata), na dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito ya kumnyima. Kifungu cha 50 kinampa muda wa kujiandaa.

8/ Mlalamishi naye anaweza kuomba kuondoa kesi kabla ya uamuzi, hakimu akiridhika. Wazee wa huku wamemaliza mambo ya mifugo kwa fidia tangu zamani, na kifungu cha 159 kinatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro.

9/ Hata hatia ikithibitishwa, jela si lazima. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu: kuachiliwa kabisa, au kwa sharti usirudie kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Kuna faini. Kuna probesheni, iliyopo tangu miaka ya 1940. Kuna huduma kwa jamii, sheria ya 1998. Milango ipo, ila lazima mtu akuonyeshe.

10/ Sasa siasa. Kifungu cha 99: anayetumikia kifungo cha miezi 6 au zaidi hawezi kugombea ubunge. Lakini hazuiwi mpaka njia zote za rufaa ziishe. Kwenye karatasi, sheria ni moja kwa wote. Wa mabilioni ana mawakili wa kupanda nao korti hadi korti, miaka na miaka. Kijana wa mbuzi alimaliza kesi yake kwa maneno mawili: "Ni kweli."

11/ Kwa hivyo mgombea akija tena na stori ya kuku, usipige makofi haraka. Muulize: utagusa kifungu gani cha ile sheria ya 1930? Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, utaitengea pesa ngapi ili wakili amfikie kijana wa Bangale kabla hajafungua mdomo?