Sindromu ya Turner

Msichana wa miaka 12 mwenye kimo cha mtoto wa minane hakosi maelezo huku kwetu. Wengine watasema ni udumavu, hakulishwa. Wengine watayataja maji, kwa kuwa chemchemi nyingi za Mlima Meru zina floridi nyingi, nayo hutia meno rangi ya kahawia na ikizidi hupindisha miguu ya watoto. Yote mawili yapo kweli Arusha, na kwa sababu hiyo sindromu ya Turner haifikiriwi. Msichana wa Ngarenanyuki, chini ya mlima huo, anaweza kuwa na meno ya kahawia na Turner kwa pamoja, meno yakaficha lililobaki.

Sindromu ni dalili kadhaa zinazoandamana kwa chanzo kimoja. Wapo wanaosema "ugonjwa wa Turner". Mimi nashikilia sindromu, maana ukitaja ugonjwa mzazi huuliza kama unaambukiza. Henry Turner, daktari wa Oklahoma, aliwaeleza wanawake saba wa namna hii mwaka 1938. Mwaka 1959 Charles Ford na wenzake wakaonyesha chanzo: kromosomu X ni moja badala ya mbili. Kwa wengine ya pili ipo, ila ina kasoro. Sindromu hii humpata takriban msichana mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500, na mama hakukosea chochote.

Kwenye X kuna jeni iitwayo SHOX, inayosaidia mifupa kurefuka. Nakala yake ikipungua, uji wa lishe haufidii. Asipotibiwa, msichana hufikia utu uzima akiwa mfupi kwa sentimita 20 hivi kuliko wenzake. Akili yake kwa kawaida ni timamu. Baadhi huzaliwa na miguu iliyovimba au shingo pana. Kwa wengine dalili pekee ni ufupi, kisha hedhi isiyokuja.

Kinachonisumbua ni kadi ya kliniki. Mtoto akitimiza miaka mitano, kadi huwekwa kabatini, wakati ambapo pengo la kimo ndipo linaanza kuonekana wazi. Tiba ya kimo ni homoni ya ukuaji, nayo ni ghali, huchomwa kila siku na hutaka jokofu, na haifai tena mifupa ikishafunga. Lakini hata asiyeimudu anahitaji moyo na figo kupimwa, na homoni ya estrojeni ya kumvusha balehe na kuimarisha mifupa. Mwalimu mwenye futi ya fundi cherehani anaweza kumpima kila Januari na kuandika. Asiporefuka kama wenzake, apelekwe hospitali na karatasi hiyo, daktari aombe kipimo cha kromosomu.